Yaani mimi niambiwe "hata ndege ya Mwanza hujapanda"??

Wakuu, nina hasira hadi simu inatetemeka mkononi. Ni yule yule. Mnamjua, simtaji, yule anayejibu kila uzi wa vita kama vile yeye ndiye aliyekuwa akiwajazia marubani mafuta.

Kaandika eti Manfred von Richthofen, yule rubani Mjerumani wa Vita ya Kwanza ya Dunia, aliangusha ndege zote 80 kwa ile Fokker nyekundu ya mabawa matatu. Nikamrekebisha kwa adabu, shikamoo nikaweka: mkuu, Fokker hiyo ni 19 tu, za mwishoni; nyingi kaziangusha na ndege aina ya Albatros. Nimekesha nikisoma, bando limekata, chai imepoa.

Jibu lake? "Wewe hata ndege ya Mwanza hujapanda."

HATA ya Mwanza! Mbele ya jukwaa zima! Richthofen na Mwanza wapi na wapi? Kafia Somme, Ufaransa, Aprili 21, 1918! Ile "hata" ndiyo iliyoniua. Angesema sijapanda ndege, ningelala. Lakini "hata"!

Mods, mpigeni ban mpaka Kiama.

Shuka la Jeshi: Pole mkuu. Ila umeshapanda?

Mleta uzi: Hilo silo suala.

Kipepeo: Hajapanda 😂😂😂

Mzee wa Data: Ndege 80 tu ndiyo mnagombana? Erich Hartmann, Mjerumani wa Vita ya Pili, aliangusha 352.

Mama Kubwa: Karibu zote za kuwaonea Warusi.

Mzee wa Data: Warusi hao hao ndio waliokuwa na Lydia Litvyak, rubani binti wa miaka 21, kawasumbua Wajerumani hadi alipopotea Agosti 1943. Kamuonee yeye.

Pweza: Roald Dahl, yule mwandishi wa vitabu vya watoto, alikuwa na ajira yake Shell hapa hapa Dar, 1939 akaenda Nairobi kujiunga na RAF, jeshi la anga la Uingereza. Naye hatujasikia kama alipanda ya Mwanza.

Mleta uzi: Jamani, hoja ni Albatros!

Shuka la Jeshi: Tukiwa hapo hapo Mwanza, juzi nimesota uwanjani masaa saba. Shirika mnalijua. Tukapewa biskuti mbili.

Mama Kubwa: Heri yako. Mimi nimeshuka Mwanza, begi limeenda Bukoba.

Kipepeo: Lilikuwa na samaki?

Mama Kubwa: Samaki nipeleke Mwanza, nina wazimu? Gauni la harusi ya mdogo wangu!

Mleta uzi: Mabawa MAWILI, wakuu. Albatros ina mabawa MAWILI.

Pweza: Subiri kwanza mkuu. Mama, gauni lilirudi?