Simenti imekauka kwenye boneti na kioo, leo siku ya tisa. Inatokaje bila kuchubua rangi?

dereva_wa_sakina
Heshima kwenu wakuu. Gari ni IST ya rangi ya fedha, rangi ya kiwandani isipokuwa bampa la mbele lililopulizwa upya mtaani. Iliegeshwa Sakina, hapa Arusha, jirani na ghorofa linalopigwa plasta, upepo ukaleta rasharasha ya simenti na mchanga. Matone mengi ni saizi ya punje ya mtama, machache yanafika sarafu ya shilingi mia. Yako kwenye boneti, paa, kioo cha mbele, kioo cha mlango wa dereva, bampa, na ile plastiki nyeusi chini ya waipa. Mashine ya presha imeondoa vumbi tu. Mmoja kanishauri asidi ya vigae, mwingine petroli, wa tatu wembe gari zima. Nitumie nini, kiasi gani, na nianzie wapi?

FundiRangi_Unga
Mkuu, kabla ya yote: usiwashe waipa, na kioo cha dereva usikishushe hata kidogo. Punje za mchanga zikiingia kwenye ile raba ya mlangoni, kila ukishusha na kupandisha zinachora kioo mistari ya wima, na mistari hiyo haitoki kwa polishi.

Petroli iache. Simenti si mafuta, petroli haiigusi. Itakachofanya ni kuondoa waksi na kulainisha rangi ya bampa. Wembe ni wa kioo tu.

Simenti haikauki kama tope. Inashikana na maji na kugeuka jiwe, ndiyo maana maji hayaitoi tena. Kinachoivunja ni asidi dhaifu. Nunua siki nyeupe, soma lebo, iwe 5%. Lita mbili zinatosha IST. Isiwe siki ya kahawia wala yenye viungo.

Weka gari kivulini, boneti liwe baridi ukiligusa. Osha kwanza kwa maji mengi na shampuu ya gari ili mchanga usioshikamana uondoke. Jaribu tone moja la siki sehemu isiyoonekana, mfano chini kabisa ya mlango, na lingine kwenye bampa, kwa sababu rangi ya mtaani haikuchomwa kwenye oveni na inaweza kuwa laini. Ukiona kitambaa kinashika rangi ya fedha, acha kwenye bampa hilo na ulilete kwa fundi.

Halafu usipulizie siki tu ukaondoka, itakauka kabla haijafanya kazi. Kata vipande vya pamba au tishu, vilowanishe, bandika kila kimoja juu ya tone, funika kwa nailoni nyembamba. Dakika 10 hadi 15. Funua, bonyeza tone kwa ukucha au kadi ya plastiki. Likimomonyoka, limwagie maji papo hapo. Lisipomomonyoka bandika tena. Tone la mtama litataka raundi mbili au tatu, la sarafu linaweza kufika tano au sita.

Wengi wanaharibu hapa: siki inayeyusha simenti lakini haiyeyushi mchanga. Gundi ikishalegea unabaki na punje za mchanga zimekaa juu ya rangi, na mchanga ni mgumu mara nyingi kuliko klia, ile tabaka angavu inayolinda rangi. Ukipitisha kitambaa hapo umepiga msasa boneti zima. Kwa hiyo ni kumwagia maji, kubonyeza, kumwagia maji. Usisugue. Kadi isukume tone kutoka ubavuni, usiikwangulie juu ya rangi.

mkemia_wa_soweto
Niko Moshi, naongezea upande wa kemikali maana asidi si zote sawa.

Siki ina asidi ya asetiki. Ikikutana na kalisi ya simenti inatoa chumvi inayoyeyuka vizuri kwenye maji, unaisuuza na kazi imeisha. Unga wa ndimu nao unafanya kazi, gramu 50 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, ila chumvi yake haiyeyuki sana. Huacha ukungu mweupe ambao watu hudhani ni rangi iliyoungua. Ukiutumia, malizia raundi ya mwisho kwa siki. Ndimu yenyewe ina nguvu karibu sawa na huo mchanganyiko, lakini utalazimika kuchuja nyama na mbegu zake.

Maji ya betri ndiyo mabaya kuliko yote kwa kazi hii. Ni asidi ya salfuriki, na ikigusa kalisi inatengeneza jasi. Jasi haiyeyuki kirahisi, inakaa juu ya tone kama ngozi na kuikinga simenti iliyo chini, wakati asidi iliyomwagikia pembeni inaendelea kula rangi.

Asidi ya vigae, na dawa nyingi za choo, ni haidrokloriki. Kweli inayeyusha simenti haraka. Lakini inakula nikeli, aloi na zinki ya bati la gari, na pale rangi ilipochubuka kidogo kutu inaanza siku hiyo hiyo.

Usishangae tone moja likitoa mapovu mengi na lingine kidogo. Mapovu ni hewa ya ukaa, yanatoka kwenye ile ganda ya juu iliyokwisha kuvuta hewa ikageuka chokaa. Ndani ya tone asidi inafanya kazi bila povu, kwa hiyo povu kukoma si dalili kwamba siki imechoka.

Huku Moshi tuko chini na joto ni kali kuliko Arusha, siki inakauka upesi, ndiyo maana nailoni ni lazima. Na popote ulipo: siki na jiki visikutane, wala kwenye ndoo moja wala kwenye kitambaa kimoja. Vinatoa gesi ya klorini.

TipaNaZege
Wakuu, kwenye kazi za zege asidi ya vigae inatumika kila wiki, na siki ingekuwa mzaha. Siku ya tisa simenti imeshafika zaidi ya nusu ya nguvu yake, pamba na tishu vitakula wikendi nzima.

FundiRangi_Unga
@TipaNaZege kwenye chuma kizito cha mashine ya kuchanganyia zege sibishi, pale hakuna klia ya kulinda. Ile klia ya kiwandani ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, karatasi ya daftari ni nene kuliko hiyo. Ikipata ukungu wa asidi kali, kuipiga msasa ni kuimaliza.

Lakini kuhusu muda uko sahihi. Kila siku inayopita tone linakuwa gumu zaidi. Na umande wa asubuhi, au haya manyunyu ya mwezi wa sita, yanalilowanisha tena na kutoa maji ya chokaa yanayong'ata rangi kuzunguka tone. Kazi hii isisubiri mwisho wa mwezi.

Kwa yale makubwa ya sarafu kuna njia ya kupunguza raundi. Yaloweshe raundi mbili kwanza, kisha shika tone ubavuni kwa koleo lenye meno yaliyozungushiwa tepu, uliminye tu, usiling'oe wala kulipinda. Linapasuka kama kipande cha sukari guru, na siki inapata njia ya kuingia. Ukiling'oa kwa nguvu linaondoka na klia yake.

MamaPremio
Kwenye plastiki nyeusi chini ya waipa usitegemee kadi, ile ina vinyweleo. Siki ya vuguvugu, mswaki laini, zungusha polepole, suuza. Simenti ikibaki ndani ya vinyweleo inaonekana kama weupe wa jua. Kupaka mafuta kunauficha hadi uoshaji unaofuata tu.

Rimu za aloi zisizo na rangi juu: dakika tano kisha maji, zisiachwe na siki zikapauka.

Na anayepitia hapa simenti yake ikiwa bado mbichi, asihangaike na siki. Maji mengi, basi. Kama bomba liko mbali, maji ya sukari, kilo moja kwa lita kumi, yanaizuia isishike mpaka ufike kwenye maji. Wanaokaa karibu na kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini wakipata molasi inafanya kazi hiyo hiyo. Kwa tone la siku tisa sukari ni polepole mno.

dereva_wa_sakina
Asanteni sana. Majaribio: bampa halikutoa rangi. Boneti, matone ya mtama yametoka raundi ya tatu, mawili ya sarafu yamebaki. Ila pale palipokuwa na tone kuna alama kama kivuli, ukipitisha kidole hauisikii. Kwenye kioo cha mbele sijaanza.

FundiRangi_Unga
Kama kidole hakiisikii, ni juu juu. Kwanza osha boneti kwa soda ya kuokea, kijiko kimoja cha chakula kwa lita ya maji, suuza, kausha. Siki ikibaki kwenye maungio ya boneti na bati inaanzisha kutu. Kisha kampaundi laini ya polishi kwa mkono, sponji, kipande kidogo kidogo, halafu waksi. Ingekuwa ukucha unakwama, hapo ni msasa wa maji namba 2000 kisha 3000 na mashine ya polishi, na hiyo ifanywe na mtu mwenye kipimo cha unene wa rangi, si kwa kukisia.

Kioo: lowesha kwa siki kama boneti, dakika 15, kisha maji ya sabuni mengi na wembe mpya, ulale karibu na kioo, nyuzi 30 hivi, usukume kuelekea mbele tu. Ukirudisha nyuma unaburuta mchanga. Sikiliza: ukisikia mkwaruzo, simama, kuna punje. Wembe ukipata pengo tupa. Usianze na wembe kwenye tone kavu.

Cha dereva malizia kwa kusafisha raba kwa mswaki na maji kabla ya kukishusha mara ya kwanza. Tinti ikiwa ndani haina shida, ikiwa nje wembe usitumike kabisa.

mkemia_wa_soweto
Kwenye kioo ukikuta pete nyeupe isiyotoka kwa siki, hiyo si simenti tena, ni kioo chenyewe kilicholiwa na chokaa. Unga wa seriamu, ule wa kung'arishia kioo, na sponji ya pamba unaweza kuipunguza, ila usikazanie sehemu moja mbele ya macho ya dereva. Kioo kinapata bonde dogo na usiku taa za gari linalokuja zinapinda hapo.