Nina kilo 131, nataka kuanza kukimbia bila kuua magoti. Nianzeje?

MpangajiTabata

Wakuu habari za usiku, naombeni ushauri kwa mwenye uzoefu. Nina miaka 36, urefu sentimita 172, mzani wa duka la dawa juzi umesoma kilo 131. Kazi yangu ni ya kukaa, nauza vipuri Kariakoo, asubuhi mpaka jioni niko nyuma ya kaunta, daladala kwenda daladala kurudi, mchana nakula kwa mama ntilie usiku nakula tena nyumbani. Mzee wangu alipata kiharusi akiwa na miaka 54, upande wa kulia haufanyi kazi mpaka leo na wikiendi mimi ndo namuogesha. Kila nikimuogesha naona na mimi ndo naelekea huko huko.

Mwezi uliopita nikajiunga na jogingi klabu ya mtaani, Jumamosi saa 11 na nusu alfajiri, watu wanaimba, raha sana aisee, ila baada ya kama kilomita moja kifua kikabana pumzi ikakata nikaenda kukaa kituoni, na magoti yakavimba wiki nzima. Nikapakua ile programu ya simu ya Couch to 5K, ya kumtoa asiyekimbia mpaka afike kilomita 5, wiki ya kwanza inataka ukimbie sekunde 60 utembee sekunde 90 mpaka zitimie dakika 20, mi mzunguko wa tatu sifiki. Sasa nipungue kwanza kwa chakula ndo nikimbie? Au nitembee tu? Na raba nanunua za aina gani? Nataka kukimbia kweli, shuleni nilikua winga na ile raha ya kukimbia bado naikumbuka.

Mama Wawili Tanga

Pole kaka angu na pole kwa mzee. Mi nilianza na kilo 118 baada ya mtoto wa pili, leo niko 91 na nakimbia kilomita 5 bila kusimama, ila ilinichukua mwaka na miezi miwili kwahiyo yeyote anaekwambia miezi miwili mkimbie huyo kwanza.

Wiki 8 za mwanzo sikukimbia hata hatua moja. Nilitembea Raskazone asubuhi, dakika 15, halafu 20, halafu 30, mara nne kwa wiki, mpaka nikawa natembea dakika 40 haraka haraka na siku ya pili siumwi kitu. Hapo ndo nikaanza kuchanganya, na sikuanza na sekunde 60, nilianza na sekunde 20! Nakimbia kutoka nguzo moja ya umeme mpaka inayofuata, natembea nguzo nne, nakimbia tena moja. Nilipokuja kuingia kwenye hiyo programu yako wiki ya pili nimeirudia mara tatu na ya tano mara nne, hakuna mtihani hapo wala anaekusahihisha.

Kitu ambacho watu hawasemi ni mapaja kuchubuka, siku ya kwanza nilirudi nalia. Paka mafuta ya mgando mapajani na kwapani kabla ya kutoka na ndani vaa bukta ndefu ya kubana, siyo ya pamba maana pamba ikishalowa jasho inakwangua kama msasa. Kwa akina dada wanaosoma hapa, sidiria ya mazoezi inayokaza vizuri inunue kabla hata ya raba.

Na watakuita bonge barabarani. Mi walinizoea wiki ya tatu, muuza maji ya madafu akawa ananisalimia kwa jina.

fizio_moro

Kaka, kabla ya raba na programu, nirudi kwenye neno moja ulilopita nalo haraka: KIFUA KUBANA. Inawezekana ni pumzi tu kwa sababu ulikwenda kwa spidi ya watu waliozoea, lakini mtu wa kilo 131, mwenye mzazi aliepata kiharusi na miaka 54, kifua kikabana akikimbia, hatakiwi kubahatisha. Usikimbie tena mpaka umuone daktari, mwambie hivyo hivyo ulivyotuandikia, upimwe presha, sukari na kipimo cha umeme wa moyo. Na ikitokea tena, hasa kama kifua kinabana maumivu yanapanda taya au bega na mkono, jasho la baridi, kizunguzungu, unaacha hapo hapo unaenda hospitali usiku huo huo, usisubiri kupambazuke. Kama utaanzishiwa dawa muulize pia kuhusu mazoezi, kuna dawa za presha zinazokojoza sana na jua letu hili unaishiwa maji haraka, na wanaotumia dawa za kisukari kama insulini au glibenclamide sukari inaweza kushuka wakiwa njiani.

Sasa kuhusu mwili. Hiyo Couch to 5K aliitunga Mmarekani anaitwa Josh Clark mwaka 1996, alitaka kumsaidia mama yake aanze kukimbia. Ni nzuri na imesaidia watu wengi ila wiki 9 zake hazikupangwa kwa uzito wako. Ukikimbia, kila mguu unapotua unabeba kama mara mbili mpaka tatu ya uzito wako, kwako wewe ni zaidi ya kilo 260 kila hatua, na kwa dakika moja hatua ni zaidi ya 150. Misuli na mapafu vinazoea ndani ya wiki chache, ila kano na mifupa vinahitaji miezi. Ndo maana watu wengi wanaumia wiki ya nne au ya tano, pale wanapojisikia wana nguvu: pumzi ipo, wanaongeza, ugoko unaanza kuuma, wanasema nitavumilia. Ugoko ukiuma eneo refu punguza na pumzika siku kadhaa, ukiuma sehemu moja ndogo ambayo ukiibonyeza kwa kidole unaruka, acha kukimbia kabisa ukapigwe picha, mfupa unaweza kuwa umepata ufa.

Spidi yako iwe ile ambayo unaweza kuongea sentensi nzima. Ukishindwa kuongea, tembea. Hatua ziwe fupi fupi, mguu utue chini ya mwili siyo mbele huko, na usikimbie siku mbili mfululizo. Nyumbani mara mbili kwa wiki kaa kwenye kiti unyanyuke bila kushika, mara 10, pumzika, rudia, halafu shika ukuta unyanyue visigino. Mazoezi haya yanadharauliwa lakini ndo yanayolinda magoti yako.

Kaka Mkubwa 77

Mi napingana na nyie wote. Kilo 131 hakuna kukimbia, magoti yataisha. Ashushe kilo 30 kwa kuacha ugali na soda, akifika 100 ndo aanze. Nina rafiki yangu alilazimisha, leo anatembea na fimbo.

fizio_moro

Kaka Mkubwa heshima yako, na pole kwa rafiki yako. Nakubaliana na wewe nusu. Chakula ndo kitamshusha kilo kuliko mbio, hilo kweli, na goti linafaidika sana, utafiti kwa watu wenye magoti yaliyolika ulionyesha kila kilo moja unayopungua inalipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Lakini kumwambia mtu akae mpaka afike 100 ni kumwacha misuli ya mapaja inalegea, na goti linashikiliwa na hiyo misuli. Atembee kuanzia sasa. Kukimbia kwa kiasi hakuli goti lenye afya, kinachoumiza ni kuongeza haraka.

Jogingi Mbagala

Kwa niaba ya wanajogingi nakuomba radhi ndugu yangu, kiongozi wa klabu hakutakiwa kukuacha peke yako kituoni, huo ni uzembe wa uongozi na siyo wewe kushindwa. Sisi mgeni anakaa mstari wa nyuma na mtu maalumu anatembea nae mpaka mwisho. Uliza klabu nyingine, zipo tele, na sema mapema kwamba wewe ni wa kutembea. Nyimbo zile zina mdundo, mwili unafuata bila wewe kutaka, ndo zinakuponza.

Raba: za mtumba ni sawa ila bonyeza soli kwa kidole gumba, kama ni ngumu kama ubao iache hata kama juu inang'aa, imeshakufa. Nenda kununua jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, na mbele ibaki nafasi ya dole gumba. Pia kimbia kwenye udongo au mchanga mgumu wa ufukweni maji yakiwa yametoka, ule mchanga laini wa juu unavuta kano za kisigino.

Ukishazoea twende Moshi, Kilimanjaro Marathon ina mbio za kilomita 5, na wengi wanatembea.

MpangajiTabata

Wakuu samahani nimechelewa kurudi, nimefata ushauri. Jumatatu nimemuona daktari, presha 158 kwa 98, nimepima mara tatu haishuki. Sukari ya asubuhi 6.4, kaniambia iko mpakani. Kipimo cha moyo hakikuonyesha tatizo ila kanipa rufaa nikapimwe nikiwa natembea kwenye mashine, wiki ijayo. Nimeanzishiwa kidonge kimoja, kukimbia hapana kwanza, kutembea taratibu ruksa. Fizio Mungu akubariki, mi ningeenda tena Jumamosi ile.

Leo nimeshuka daladala vituo viwili kabla, dakika 18, nimefika nimelowa ila kifua kimetulia. Mzee nimemwambia, kasema Jumapili nimsogeze mlangoni anione nikitoka. Swali moja tu, asubuhi nile kwanza au nitoke na tumbo tupu?

Mama Wawili Tanga

Kwa dakika 18 kunywa maji glasi moja tu kaka inatosha, ndizi utakula ukirudi. Na hicho kidonge usikiruke hata siku moja.