Makao makuu Malindi, acheni kutuzimia majina ya kompyuta zetu wenyewe huku Pate

Wadau, nimevumilia vya kutosha. Nahudumia kompyuta za tawi la Kizingitini, hapa kisiwani Pate, la kampuni moja inayonunua samaki. Makao makuu yako Malindi, matawi mengine yako Amu, Mokowe na Mpeketoni.

Jumamosi alfajiri laini ilikatika. Hilo huku ni la kawaida, silalamikii laini. Jumapili wavuvi wameleta kamba na pweza wao, mizani imesoma kilo, karani anabonyeza kuhifadhi, skrini inamjibu kuwa seva haipatikani. Seva yenyewe iko chini ya meza hiyo hiyo! Taa zake za kijani zinawaka, waya wake naushika kwa mkono. Kompyuta ya mizani inauliza jina la seva ya hesabu liko kwenye anwani gani, na seva yetu ya majina inakataa kujibu, kwa sababu Malindi, wanaoshika orodha kuu ya majina, wameiamuru itupe nakala yake ya orodha hiyo ikikosa kuwasiliana nao kwa saa 24.

Nimefungua mipangilio ya zoni, yaani hiyo orodha ya majina na anwani zake, nikajionea. Muda wa nakala kuisha ni sekunde 86400, yaani siku moja! Ushauri wa RFC 1912 (RFC ni nyaraka za kanuni na ushauri wa mtandao), uliotoka mwaka 1996, ni wiki 2 hadi 4. Naambiwa eti nakala ya zamani ni hatari. Hatari kwa nani? Seva yetu haijahama chini ya ile meza tangu iwekwe hapo. Jibu la juzi lingekuwa sahihi kabisa, na wavuvi wasingekaa juani barafu ikiyeyuka huku karani akiandika kilo kwenye daftari.

Na hata laini ikiwepo, mpango wao unaimaliza. Wameweka kampuni nzima kwenye zoni moja, halafu wameruhusu kila kifaa kinachopewa anwani kijiandikishe jina humo. Mgeni akiunganisha simu yake na waifai ya Malindi, zoni imebadilika, namba yake ya toleo imepanda, na taarifa inarushwa kwa matawi yote yaje kuchukua nakala mpya. Kuuliza tu kama namba imepanda ni ujumbe mdogo sana, haumuumizi mtu. Kinachoumiza ni kwamba hawakuwasha uhamishaji wa mabadiliko peke yake, kwa hiyo tunavuta faili lote kwa ajili ya simu ya mtu ambaye hatawahi kufika Kizingitini.

Pigeni hesabu wenyewe. Faili la megabaiti 1 kwenye laini ya kilobiti 64 kwa sekunde linachukua zaidi ya dakika mbili, na hapo hakuna mtu mwingine anayeitumia. Laini ikikatika katikati, kilichokwisha kupokelewa kinatupwa, mnaanza upya. Bado halijamalizika, Malindi kaingia mgeni mwingine. Orodha ya malipo ya wavuvi inasubiri nyuma ya hayo yote.

Halafu Kizingitini, Mokowe na Mpeketoni kila mmoja anavuta kivyake kutoka Malindi, ilhali Amu wana laini nzuri kuliko sisi sote. Seva ya pili, yaani inayoshika nakala tu kama yetu, inaweza kabisa kuchukua nakala kutoka seva nyingine ya pili. Amu wachukue Malindi, sisi tuchukue Amu. Tutachelewa dakika chache kupata mabadiliko, na hakuna atakayeziona.

Nilipowaandikia, jibu lilikuwa niende Malindi tukae kikao. Wanaijua safari hiyo? Boti ingoje maji yajae ipite mkondo mwembamba wa Mkanda, ushukie Mokowe, kisha barabara ya Witu na Garsen. Kazi yenyewe ni kubadilisha mistari michache ya mipangilio!

Ninachodai ni hiki. Zoni igawanywe, kila tawi lipewe zoni yake ndogo ya majina, na seva ya hapo hapo iwe ndiyo kuu kwa majina hayo. Printa ya Kizingitini iandikwe Kizingitini, Malindi ndio waje kuchukua nakala kwetu. Ikiwa hivyo, laini ikatike wiki nzima, mizani itaiona seva. Zoni ya makao makuu ibaki na seva chache ambazo matawi yanazihitaji kweli, simu na laptopu za wageni ziondolewe humo. Uhamishaji wa mabadiliko peke yake uwashwe. Ulielezwa kwenye RFC 1995 mwaka 1996, si kitu cha kujaribia. Muda wa nakala kuisha uwe wiki 4, na ukaguzi wa namba ya toleo uwe kila baada ya saa kadhaa, maana taarifa za mabadiliko zinakuja zenyewe laini ikiwa hai.

Huo muda wa kuisha ubadilishwe leo, haugharimu hata shilingi na hauhitaji kikao. Mengine nimeyaandika kwa barua, nakala kwa meneja wa Amu. Walio na matawi Hola, Garsen au Kiunga, fungueni zoni zenu mwangalie namba hiyo ya mwisho wa nakala, kisha mniandikie hapa mmeikuta ngapi. Nataka niwapelekee Malindi zote pamoja.