Chuo kichelewe chenyewe, sapu (mtihani wa marudio) nile mimi? Yamenifika shingoni

Wakuu salaam.

UE yetu, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, inaanza Jumatatu saa mbili asubuhi. Leo ni Ijumaa jioni na kati ya kozi saba tulizosajili muhula huu, tatu bado hazina CA, yaani alama za testi na kazi za muhula. Mojawapo testi yake ya kwanza tuliifanya mwezi wa nne, masika yanamwagika, na mpaka leo hakuna aliyeiona karatasi yake. CR, kiongozi wa darasa letu, kapiga simu mpaka kachoka. Idarani wanasema mhadhiri ndiye anajua, mhadhiri anasema ameshawasilisha idarani.

Naandika nikiwa na hasira na sitaficha. Nasoma mwaka wa pili, ualimu wa sayansi, kemia na bailojia. Nimehudhuria vipindi, nimesaini mahudhurio, kazi zote nimepeleka kwa wakati maana ukichelewesha saa moja unakatwa alama. Hapo ndipo panaponiumiza. Mwanafunzi akichelewa, adhabu yake imeandikwa kwenye kanuni na inatekelezwa siku hiyo hiyo. Chuo kikichelewa, adhabu inamwangukia tena mwanafunzi.

Ratiba inasema muhula una wiki 15 za vipindi. Kahesabuni wenyewe zilizofundishwa. Wiki mbili za mwanzo hakuna kinachoeleweka, usajili haujakamilika, watu bado wanatafuta vyumba. Baada ya hapo mhadhiri wa kozi hii yuko safarini, wa kozi ile ana vipindi chuo kingine cha mjini, tunajaa ukumbini watu mia tatu mpaka saa inaisha tunatawanyika. Ikifika wiki ya 12 wote wanakumbuka kwa mpigo kwamba mtihani umekaribia.

Hapo ndipo vinapoanza vipindi vya fidia. Jumamosi asubuhi, Jumapili mchana watu wametoka kanisani, siku za kazi saa moja usiku mpaka saa tatu. Testi ya pili ya kozi nne ndani ya juma moja. Kazi ya kundi la watu kumi iwasilishwe Alhamisi. Praktiko za kemia zilitakiwa kufanyika moja kila wiki, sasa zinafanywa tatu kwa mchana mmoja kwa sababu kemikali ndiyo kwanza zimefika, na ripoti zote tatu zinatakiwa kesho yake. Unapiga titresheni huku mwenzako anaandika ripoti ya praktiko iliyotangulia kwenye meza hiyo hiyo. Halafu sisi ndio tunaotegemewa tukasimame mbele ya watoto wa kidato cha tatu tuwafundishe titresheni.

Kisha zinakuja slaidi. Mada tano ambazo hazikuguswa darasani zinatumwa usiku kwenye kundi la WhatsApp, faili la kurasa mia na kitu, na ujumbe mmoja: someni, zitatoka. Sikatai kujisomea. Mwanafunzi wa chuo anatakiwa aende maktaba, asake vitabu, apige msuli. Lakini kama ungenipa hizo slaidi wiki ya tatu ningekuwa nimeshazimaliza na maswali ningekuletea. Ukinitupia siku nne kabla ya mtihani, nitakariri tu, nitaenda kutapika kwenye karatasi, na ikifika Agosti sikumbuki kitu. Mwenye hasara hapo ni yule mtoto nitakayemfundisha.

Nirudi kwenye CA. Kwa ambao hawajapita huku: kwetu alama 40 zinatokana na testi, kazi na praktiko, na 60 zinatoka UE. Usipofikisha 16 kati ya zile 40 huingii kwenye mtihani, kozi unairudia mwakani. Kanuni zetu za mitihani zinasema mwanafunzi aonyeshwe CA na aisaini kabla UE haijaanza. Imeandikwa, na nadhani aliyeandika alikuwa na akili timamu. Mwenye 30 na mwenye 17 hawawezi kusoma namna moja wiki ya mwisho. Wa 17 anajua kozi hiyo inabidi aikalie usiku na mchana. Wa 30 anaweza kuhamishia nguvu kwenye kozi nyingine inayomtisha. Usipoonyeshwa, unagawa muda wako kwa kubahatisha, na wengine wanakesha wanasoma kozi ambayo baadaye wataambiwa hawakuwa na sifa ya kuifanyia mtihani.

Na kuna makosa ya kujumlisha, kuna karatasi zinapotea. Watu ni binadamu, hilo naelewa. Ndiyo maana tunatakiwa kuona mapema, kosa lirekebishwe wakati mhadhiri yupo na karatasi zipo. Dada ninayekaa naye chumba kimoja alifanya testi zote mbili za kozi moja muhula uliopita, tulikaa safu moja. Matokeo yanatoka kwenye mfumo, kozi imeandikwa inkomplit, eti testi ya pili hakufanya. Akaenda kwa mhadhiri, akaambiwa amwone mratibu wa mitihani. Mratibu akataka barua ya mhadhiri. Kufika zamu ya barua, mhadhiri ameshaondoka nchini kwa masomo. Alizungushwa hivyo mpaka wakamwambia bora afanye sapu yaishe.

Sapu ya kozi ambayo hakufeli! Na kwetu sapu hata ukipiga 90 unaandikiwa C. Huyu dada alikuwa anailinda GPA yake, wastani wa alama zake zote, isishuke chini ya 3.8, kwa sababu ndiyo inayotakiwa ili mtu aajiriwe mkufunzi msaidizi chuo kikuu, na ndoto yake ni hiyo tangu mwaka wa kwanza. C ya kozi yenye krediti nyingi inaondoka na ndoto kama hiyo, na hakuna mtu pale idarani aliyeandika hata mstari mmoja wa kuomba radhi.

Sapu yenyewe inafanyika mwezi wa tisa. Mabweni yamefungwa, boom (fedha ya kujikimu ya mkopo) hakuna. Anayetoka Kigoma au Bukoba akate tiketi, asafiri, atafute pa kujishikiza kwa ndugu au kwa rafiki aliyepanga nje. Kwa sisi wa ualimu ni mbaya zaidi, maana UE ikiisha tunasambazwa mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha, na fedha ya mazoezi nayo inakuja kwa kusuasua. Mtu anatoka kufundisha, hajapumzika hata kidogo, anarudi kufanya sapu iliyosababishwa na faili lililopotea ofisini kwa mtu.

Lipo jambo jingine watu wanalipita kimya, mimi nitalisema. CA isiyobandikwa inampa mtu mmoja madaraka makubwa mno juu ya wasichana. Alama zikikaa kwenye kompyuta yake peke yake mpaka siku ya mwisho, anaweza kumwambia binti "CA yako haijakaa vizuri, pitia ofisini jioni", na yule binti hana kitu chochote mkononi cha kumjibu. Hajui ana 12 au ana 28. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai, ipo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wenyewe walishafanya utafiti wa tatizo hili vyuo vikuu. Wahadhiri waadilifu ni wengi, nimefundishwa nao na nawaheshimu sana. Hao hao ndio wanaobandika CA mapema kwa namba za usajili, kila mtu anaona yake, anasaini, imekwisha. Kwa hiyo inawezekana. Asiyetaka kubandika aulizwe kwa nini hataki, na aulizwe na mtu mwenye mamlaka ya kumchukulia hatua, maana sisi tukiuliza tunaambiwa tuna kiburi.

Tuje kwenye ada. Wengi wetu tunasoma kwa mkopo. Bodi ya Mikopo inalipa chuoni moja kwa moja ile asilimia uliyopangiwa, inayobaki unalipa mwenyewe. Fedha ya Bodi ikichelewa kuingia, mfumo wa chuo unakuhesabu wewe mdaiwa, na mdaiwa hapati kitambulisho cha mtihani. Kwa hiyo wiki ya kujisomea, ambayo ni moja tu, watu wanaimalizia kwenye foleni ya uhasibu. Unafika saa kumi na mbili asubuhi unaandikisha jina kwenye karatasi, saa saba unaambiwa mtandao uko chini, njoo kesho. Mwingine kaomba kontroo namba tangu Jumatatu haijatoka. Kuna mwenzetu mzazi wake yuko Songea, mkulima. Ameuza mahindi sasa hivi, msimu wa mavuno, bei iko chini kabisa, wakati angesubiri miezi michache angepata zaidi. Ameuza ili mwanae asizuiwe mtihani. Kalipa kwa simu, ujumbe wa muamala upo, na mfumo bado unasoma deni. Yule kijana leo kashinda pale dirishani na daftari la takwimu mkononi, anasoma amesimama.

Mtu anayedaiwa na chuo mnamjua, jina lake mnalo, cheti chake cha kuhitimu mtakishika nyinyi. Hawezi kukimbia na deni. Sasa kwa nini asifanye mtihani, mkazuia matokeo mpaka alipe? Kumzuia asiingie ni kumrudisha nyuma mwaka mzima kwa laki mbili, na mwaka huo ataulipia ada upya.

Na tumeshaishiwa. Fedha ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/2023, na awamu ya mwisho ikifika UE inakuwa imeshaliwa na kodi ya chumba, kuchapisha ripoti na kutoa kopi za madesa (notsi). Watu wanaingia kwenye karatasi ya saa tatu na chai ya rangi tumboni. Maktaba inafungwa saa nne usiku, madarasa ya kujisomea taa nusu zimekufa, hostel watu wanne kwenye chumba cha wawili. Haya ya njaa na vitanda naweza kuyavumilia, nimeyavumilia tangu sekondari. Lakini hiyo 10,000 ni mkopo. Nitakatwa 15% ya mshahara mpaka uishe. Ninayelipia huduma ni mimi, kwa hiyo nina haki ya kuuliza alama zangu ziko wapi.

Ucheleweshaji wenyewe haukomei Julai. Karatasi zikisahihishwa polepole, matokeo yanachelewa kupita kwenye vikao, na Bodi haimlipi mwanafunzi anayeendelea mpaka chuo kipeleke matokeo yake yanayoonyesha amevuka mwaka. Kwa hiyo yule ambaye hakusahihisha testi mwezi wa nne ndiye anayetufanya tukopeshane unga Novemba. Halafu tukiuliza boom iko wapi, chuo kinatuelekeza Bodi, Bodi inaturudisha chuoni.

Najua watakuja kaka na dada zetu waliosoma zamani, waseme walisoma kwa taa ya chemli na hawakulalamika, kizazi hiki kimezoea simu. Poleni kwa mliyopitia, kwa moyo wote. Ila hakuna kitu nilichoomba hapa kinachofanya kozi iwe rahisi. Testi ziwe ngumu. UE iwe ngumu. Anayekamatwa na kibomu, karatasi ya kuibia mtihani, afukuzwe. Ninachotaka ni mhadhiri afundishe wiki alizopangiwa, testi irudi ndani ya wiki tatu, CA ibandikwe wiki moja kabla ya UE kwa namba za usajili, na kozi ambayo haijabandikwa mtihani wake usogezwe mpaka ibandikwe. Inkomplit iliyotokana na idara irekebishwe na idara, na kama ni lazima mwanafunzi arudie karatasi, aandikiwe alama anayoipata, isiwe C ya lazima. Foleni ya ada imalizwe wiki ya 10.

Kwenye serikali ya wanafunzi tulishapeleka. Waziri wa elimu wao alitusikiliza vizuri, siku mbili baadaye akatuambia tusubiri mitihani iishe kwanza. Mitihani ikiisha tunatawanyika mikoa yote, nani atafuatilia?

Naomba msaada wa mawazo kwa wanaojua haya mambo. Kwanza, kuna mtu amewahi kukata rufaa ya matokeo kwa hoja kwamba CA haikuonyeshwa kabla ya UE, na alipeleka wapi, kwa mkuu wa idara, kwa amidi wa kitivo au moja kwa moja seneti? Ilimchukua muda gani? Pili, chuo kikishindwa kufuata kanuni zake chenyewe, TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanapokea malalamiko ya mwanafunzi mmoja mmoja au mpaka yapite chuoni kwanza? Mwenye uzoefu anieleze hapa hapa wengine nao wasome. Tatu, walio vyuo vingine, kwenu CA inabandikwa lini?

Nitasoma majibu usiku nikitoka maktaba. Jumatatu karatasi ya kwanza ni moja ya zile tatu.