Mnaohukumu dau karata zikishafunuliwa, mmezidi!

Jamani, hasira za jana usiku bado hazijanishuka. Baada ya isha, barazani kwetu hapa Mji Mkongwe, mwenzangu wa briji, mtu mzima ninayempa shikamoo yake kila siku, kanifokea mbele ya kadamnasi: "Wewe hujui kunadi!" Na watazamaji, vikombe vya kahawa mkononi, wakamuitikia. Kosa langu? Nimenadi kopa tano, yaani nimeahidi tutakula mizunguko 11 kati ya 13, kopa ikiwa turufu (sita za mwanzo hazitajwi kwenye dau).

Nakupeni mchezo wenyewe, semeni nyinyi. Tunahesabu kwa mtindo wa Chicago: migao minne, na hatari, yaani malipo na adhabu kubwa zaidi, hubadilika kwa mgao. Mgao wa tatu, wao ndio waliogawa, kwa hiyo wao wako hatarini, sisi hatumo. Mgawaji kaanza shupaza moja. Mie nina kopa sita na shupaza moja tu, nikasema kopa mbili. Mwenzake akaruka shupaza tatu, mwenzangu huyu huyu akasema kopa nne, mgawaji akarudi na shupaza nne. Zamu yangu.

Nikahesabu. Kwa dau lile mwenzangu anazo kopa nne, kwa hiyo tuna 10. Wao kwa walivyopandishana wana shupaza tisa. Jumla turufu 19. Kuna Mfaransa, Jean-René Vernes, alieleza tangu 1969 kwamba mizunguko inayoliwa na pande mbili, kila upande kwa turufu yake, hukaribia jumla hiyo hiyo. Basi nikinadi kopa tano, wao wakila 10, sisi tunakula 9: tunapigwa dabo (adhabu inaongezwa), tunatoa 300 badala ya kuwapa 620 za shupaza nne. Wao wakila 9, sisi tunakula 10: tunatoa 100 badala ya kupata 100. Nikipatia naokoa 320, nikikosea napoteza 200. Hapo nipige pasi kwa lipi?

Ikawa hilo la pili: wao 9, sisi 10. Karata kufunuliwa, bibi wa shupaza yuko kwa mwenzangu, na karata mbili za kumlinda. Shupaza nne yao ingekufa kwa upungufu wa mzunguko mmoja. Hapo kila mtu akawa bingwa! "Si ungewaacha wafe!" Mie ningemuona wapi bibi aliyemo mkononi mwa mtu mwengine?

Na linaloniuma khasa si matusi. Wiki iliyopita, meza hiyo hiyo, mtu alikuwa na uamuzi kama wangu, akapiga pasi, wapinzani wakazoa 620 zao kwa raha. Hakuna aliyefungua mdomo. Walisema tu "bahati mbaya" wakachanga karata. Pointi 320 zimekwenda na maji, kimya! Mie nimepoteza 200 ndiyo naitwa mjinga. Kwa mwendo huu nani atathubutu kunadi tena? Vijana wanaojifunza pale barazani wameshaanza kupiga pasi kwa woga tu, nawaona kwa macho yangu.

Kesho tunakaa tena. Anayetaka kunihukumu aje asimame nyuma yangu, aone karata zangu 13 peke yake, na aseme dau lake kabla yangu.