Krismasi hii msituletee tena vitu vya Porsche: replika ina mifupa yake!

Wadau, Desemba ndiyo hii na mambo ni yaleyale. Mwenye replika ya Speedster, yaani gari la kuiga Porsche ya zamani, anafungua zawadi mbele ya mashemeji, anakuta filta ya oili ya Porsche 911, kava la nailoni na chupa ya kung'arishia dashibodi. Watu wametoa pesa zao kwa moyo safi, lakini filta haiingii popote na hivyo viwili vingine vinaliharibu gari. Wauzaji wa spea nao wanajua kabisa. Mteja akitamka tu "Porsche", anapewa kitu cha Porsche, risiti inakatwa, kwaheri.

Sasa tuelewane. Speedster ya asili ni Porsche 356 ya miaka ya 1950. Replika yake, mara nyingi, ni bodi ya faiba iliyokalishwa juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle iliyokatwa ikafupishwa, na nyuma kuna injini ya 1600 inayopozwa kwa hewa. Ngozi ya Porsche, mifupa ya Beetle. Zawadi inafuata mifupa!

Tuanze na hiyo filta, maana ndiyo inayoudhi zaidi. Injini ya Beetle ilivyotoka kiwandani haina filta ya kuzungusha kwa mkono. Ina chujio la waya chini ya tumbo, limeshikwa na bamba la duara na nati sita ndogo. Kila oili inapomwagwa, chujio linatolewa na kuoshwa kwa petroli, halafu zinahitajika gasketi mbili mpya za karatasi, moja juu ya chujio na moja chini yake, pamoja na washa sita za shaba. Hizo ndizo zawadi! Seti nzima inaenea kwenye kiganja. Ongeza chupa tatu za lita moja za oili ya 20W-50, kwa sababu injini inameza lita 2.5 tu. Msituletee ile oili nyepesi ya magari mapya. Nyingi zimepunguzwa zinki inayolinda vyuma vinavyosuguana, na kemshafti ya injini hii (mhimili unaofungua valvu) inasuguana moja kwa moja na tapeti inazozisukuma, kwa hiyo inaliwa mapema. Na mkimpa fundi kazi hiyo, mwambieni nati zile zinakazwa kwa Nm 7, yaani nguvu ya kifundo cha mkono. Akining'inia kwenye spana, stadi, yaani kile chuma chenye nyuzi kinachoshika nati, inang'oka na nyuzi zake kutoka kwenye kesi laini ya injini, na oili itadondoka hadi tundu litobolewe na kutiwa nyuzi mpya.

Kava la nailoni ni balaa. Asubuhi ya Nairobi ina umande, mchana jua kali. Unyevu unanaswa chini ya nailoni, unapikwa, na koti la juu la faiba linaanza kutoa malengelenge. Upepo nao ukilipeperusha, vumbi lililo chini yake linakwaruza rangi kama msasa. Gari linalolala ndani linataka kava la pamba tupu. La nje linataka kitambaa kinachopumua, chenye upande laini ndani, na linafunikwa likiwa limeoshwa na kukauka. Hiyo chupa ya kung'arishia nayo, soma nyuma: ikiwa na silikoni, irudishe dukani. Silikoni inajipenyeza kwenye nyufa ndogo za faiba, na siku ya kupiga rangi inatoa vishimo vya mviringo, rangi inakimbia kama maji kwenye sufuria yenye mafuta. Hapo ni kukwangua na kuanza upya.

Halafu rimu. Jamani, rimu! Porsche 911 ina bolti tano kwenye duara la milimita 130. Beetle ya 1968 kuendelea ina bolti nne kwenye duara hilohilo la 130. Muuzaji anaona 130, anasema "hizi zinaingia". Zitaingiaje, tundu tano kwenye bolti nne? Za kabla ya hapo zina bolti tano, lakini duara ni 205. Hesabu bolti kwanza, kisha ndiyo utoe pochi.

Taa za ledi za kuongeza ni zawadi nzuri, lakini leteni pamoja na waya. Kwenye gari la bati, bodi yenyewe inarudisha umeme kwenye hasi ya betri. Faiba haipitishi umeme hata chembe. Kila taa inataka waya wake mweusi mpaka kwenye fremu ya chuma. Ukiona indiketa ikiwashwa na taa ya nyuma inapepesa hafifu, usinunue balbu. Umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia taa nyingine. Bunda la waya mweusi wa milimita za mraba 2.5 na pakiti ya vichwa vya pete vya kufungia ncha za waya, basi, mwenye gari atakushukuru mwaka mzima.

Kitu kimoja ambacho hakuna anayekileta ni jeti za kabureta, vile vitundu vidogo vinavyopima petroli. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jeti iliyopimiwa usawa wa bahari inamwaga petroli nyingi kuliko hewa. Plagi zinatoka na masizi meusi makavu. Jeti kuu za hatua moja au mbili chini, jozi ikiwa kabureta ni mbili, zinarudisha plagi kwenye kahawia hafifu. Ila uliza aina ya kabureta. Jeti ya Solex haikai kwenye Weber.

Kwa wenye replika ya Cobra, mfupa ni injini. Ya asili ilianza 1962, Carroll Shelby akiweka V8 ya Ford kwenye gari la kampuni ya AC ya Uingereza. Replika inaweza kuwa na injini ya Ford 302, Chevrolet 350 au Rover. Hata kifuniko cha distributa, kile kigawa umeme wa plagi, hakibadilishani, kwa hiyo msinunue chochote kwa kuangalia nembo ya nyoka.

Bajeti ikiwa ndogo, nenda Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, pale Grogan kwenye maduka ya spea, na usitamke Porsche kabisa. Sema: "Beetle 1600, gasketi mbili za vifuniko vya valvu, za koki," yaani zile za gome la kizibo. Ongeza kipimo cha majani ya chuma chenye jani la milimita 0.15, hiyo ndiyo nafasi ya valvu zote nane, injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku kucha. Silinda namba 3 ndiyo ipimwe kwa makini zaidi, kwa sababu kwenye injini za zamani kipozeo cha oili kinaizibia hewa, na valvu yake ya kutolea moshi ndiyo inayoungua kwanza.