Tuwashe sistemu mpya matawi yote siku moja ama tuanze na moja?

Mhasibu_Nakuru:
Wadau habari zenu. Niko kwa kampuni ya vifaa vya ujenzi, matawi ni manne, Nakuru, Kericho, Kisumu na Kakamega. Miaka yote tumeenda na Excel na vitabu vya kaboni, sasa boss amenunua sistemu ya kushika kila kitu, stoo, mauzo, madeni mpaka mishahara, na anataka iwake kote 1 Julai ju ndio mwaka wetu wa hesabu unaanza. Kijana aliyetuuzia anasema wiki mbili zinatosha. Mimi roho inakataa, ningeanza na tawi moja, boss anasema hiyo ni kulipia kazi moja mara mbili. Kwenu mlifanyaje?

stoo_kisumu:
Usikubali siku moja!! Sisi tuliwasha Jumatatu, lori liko getini, karani anatafuta simiti kwa kompyuta anapata majina saba, simiti, simenti, saruji 50, sijui nini, na moja inasema tuko na mifuko hasi 340. Mafundi hawangoji mkuu, walivuka barabara wakanunua kwa jirani, saa sita tulikuwa tumerudi kwa kaboni. Na programu haikuwa mbaya, ni sisi tulibeba takataka ya Excel tukaimwaga ndani. Hesabuni stoo kwanza, kila bidhaa jina moja na kipimo kimoja. Misumari mnanunua kwa katoni mnauza kwa kilo, hapo ndipo watu huanguka.

namba_tupu:
Boss naye ana pointi. Mali ikitoka Nakuru iko kwa sistemu ikifika Kakamega iko kwa Excel, nani ataifuata hapo katikati? Mimi ningegawa kwa kazi, ununuzi na leja kwanza matawi yote, halafu stoo na mauzo, mishahara mwisho kabisa ju siku mtu akikosa mshahara sababu ya kompyuta hiyo sistemu imekufa. Na kama mtaendesha ya zamani na mpya pamoja, invoisi za eTIMS, ule mfumo wa KRA (watu wa ushuru) wa kupokea invoisi kwa mtandao, zitoke upande mmoja pekee, la sivyo mauzo yanaenda KRA mara mbili na mnalipa VAT 16% ya mauzo hewa.
Lakini yote kwa mpigo hapana. Hershey, wale wa chokoleti Marekani, waliwasha SAP na programu zingine Julai 1999 wakati maduka yanaagiza peremende za Halloween, oda za kama dola milioni 100 zikakwama na mali iko stoo. Na hao ni watu wa pesa.

dada_wa_kaunta:
Nyote mnaongea kama watu wa ofisi, wa kubonyeza ni mimi na foleni iko mbele yangu. Sisi tulifunzwa siku moja hotelini, projekta na chai na mandazi, sistemu ikaja miezi miwili baadaye, nani alikumbuka? Kilichotusaidia ni msichana mmoja wa kaunta tawi lingine, alikaa na sisi wiki nzima. Stima ikipotea je, mmepanga? Wekeni kitabu kimoja chenye namba. Na mzee wenu wa stoo, yule anajua mabati ya geji 30 na 32 kwa kupapasa tu, asipoulizwa mapema hatabishana na nyinyi, ataendelea na daftari yake mfukoni na stoo haitawahi kulingana.

Mhasibu_Nakuru:
Eish. Nimefungua Excel nikahesabu, simiti tumeiandika njia kumi na moja, Kericho wao wameandika "mfuko" basi. Kericho hupokea mali kutoka Nakuru pekee, kwa hivyo nitamwambia boss hizo mbili ziwake Julai, Kisumu na Kakamega zingoje Oktoba. @namba_tupu hiyo ya eTIMS imenishtua, hatukuwa tumeifikiria kabisa. Na dada umesema ukweli, huyo mzee tuko naye na daftari tuko nayo, kesho namtafuta mapema kabla lori halijaingia.